Bolingi: Jinsi ya kupanga handikapu na vikomo vya wastani bila kuzua ugomvi

Mshindi wa shindano la kwanza la bolingi nililowahi kuandaa alikuja siku ya majaribio na viatu vya kukodi, akaokota mpira mwepesi wa rangi ya machungwa kwenye rafu, akacheza michezo mitatu kwa mkono wa kushoto. Nusu ya mipira iliishia mtaroni. Wastani wake ukatoka 104. Kwa kanuni tuliyokuwa tumeinakili mtandaoni, yaani asilimia 90 ya tofauti kati ya 200 na wastani wa mtu, alipewa pini 86 za nyongeza kwa kila mchezo, yaani alama 86. Jumamosi iliyofuata akafika na begi la magurudumu. Ndani mlikuwa na mipira miwili iliyotobolewa kwa kipimo cha vidole vyake na kinga ya kifundo cha mkono. Mkono wenyewe sasa ulikuwa wa kulia. Mchezo wa kwanza alipata 190. Ongeza 86. Tulisimama watu 24 tukiitazama 276 kwenye karatasi, na hakuna aliyeweza kusema lolote, kwa sababu kanuni zetu hazikuwa na mstari hata mmoja uliokataza alichokifanya. Kombe tukampa.

Tangu siku hiyo nimeandaa mengine kadhaa jijini Nairobi, madogo tu, ya watu 16 hadi 40, kwenye leni (njia za kurushia mpira) za kukodi. Watu hubishana sana kama asilimia iwe 80 au 90. Bado sijaona shindano lililoharibiwa na asilimia. Yaliyoharibika yaliharibiwa na wastani wa uongo ulioingizwa ndani ya hesabu safi. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye wastani, kisha utakwenda mbio kwenye mengine.

Maneno tutakayoyatumia

Mchezo mmoja wa bolingi una fremu 10, yaani zamu 10 za kurusha. Ukipiga straiki 12 mfululizo, yaani kila mpira ukaangusha pini zote 10, unapata 300, na hakuna zaidi ya hapo. Alama unazozipata leni bila kuongezewa chochote nitaziita alama kavu, kama chai kavu isiyo na kitafunio. Wastani ni jumla ya alama kavu ukigawanya kwa idadi ya michezo, na desimali hukatwa: 171.9 ni 171. Handikapu ni pini anazoongezewa mchezaji kwa kila mchezo ili mwenye wastani mdogo aweze kushindana na mwenye wastani mkubwa. Hupatikana hivi: chukua kiwango cha msingi, toa wastani wa mchezaji, zidisha kwa asilimia mliyokubaliana, kata desimali. Msingi wa 220, asilimia 90, wastani wa 150: tofauti ni 70, handikapu ni 63. Akipata 148 kavu, ubaoni unamwandikia 211.

Karibu kila kanuni utakayoikuta mtandaoni imetoka Marekani, ambako mchezo huu una chama cha kitaifa tangu 1895, American Bowling Congress kilichoanzishwa New York. Mwaka 2005 chama hicho kiliungana na vyama vya wanawake na vijana kuwa United States Bowling Congress, USBC. Kanuni zao ni nzuri, ila zinategemea kitu ambacho wengi wetu hatuna: ligi za kila wiki zinazoandika alama za mtu msimu mzima. Kwa USBC, wastani wa ligi hauhesabiki kuwa wastani kamili mpaka mtu awe amecheza angalau michezo 21. Sisi tunaokutana mara moja kwa mwezi, ukidai michezo 21 utabaki na washiriki wanne na mhudumu wa viatu. Inabidi tutengeneze wastani wetu wenyewe.

Hatua ya kwanza: wastani unaoweza kuutetea

Anza na idadi ya michezo. Chukua mchezaji ambaye alama zake huyumba kama pini 25 juu au chini ya uwezo wake halisi. Ukimpima kwa michezo mitatu, wastani utakaoupata unaweza kukosea kwa pini 14 hivi, na hapo hajadanganya mtu. Kwa michezo 9 kosa hushuka hadi karibu 8. Kwa 21 ni kama 5. Ndiyo maana majaribio ya michezo mitatu asubuhi ya shindano, yale yanayopendwa kwa kuwa ni rahisi, hayafai. Hata wote wakiwa malaika, utakuwa umegawa pini kwa bahati nasibu.

Mimi nimetulia kwenye michezo 9, iliyochezwa katika siku zisizopungua tatu ndani ya miezi sita. Siku tatu zina sababu yake. Mtu anaweza kuamka vibaya siku moja, na mwenye hila anaweza kuigiza siku moja. Kuigiza siku tatu, akilipia leni kutoka mfukoni mwake huku marafiki wanamtazama, ni kazi. Tunazikubali pia alama za michezo ya kawaida ya wikendi, mradi kuna picha ya skrini yenye tarehe na mtu mwingine wa kikundi alikuwepo.

Kisha kuna ujanja nilioazima kwenye gofu. Mfumo wa handikapu wa gofu unaotumika duniani tangu 2020 huchukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Haupimi unavyocheza kwa kawaida, unapima unachoweza. Bolingi huchukua michezo yote, mibovu na mizuri, na hapo ndipo mlango huachwa wazi kwa mficha makucha: kila mchezo anaouharibu makusudi unamlipa. Kwa hiyo kati ya michezo 9, mimi huchukua 6 bora. Mitatu mibaya naitupa. Wastani wa kila mtu hupanda kwa pini kumi na kitu, lakini hilo halidhuru, kwa sababu kinachoamua handikapu ni tofauti kati ya watu na wala si namba yenyewe. Anayetaka kujishusha sana sasa lazima aharibu michezo minne au zaidi. Si wengi wenye subira hiyo. (Ukifuata njia hii, ifuate kwa wote. Usichanganye wastani wa sita bora wa huyu na wastani wa michezo yote wa yule.)

Swali la pili: alama hizo zilipatikana kwenye leni gani? Leni ina urefu wa mita 18 na kidogo kutoka mstari wa faulo hadi pini ya mbele, na sehemu kubwa ya urefu huo imepakwa mafuta. Kumbi za burudani hupaka mengi katikati na machache pembeni. Mpira ukikosea kwenda nje hukutana na ukavu, hushika, hurudi wenyewe kwenye pini. Leni ya namna hiyo inakusamehe. Ile ya mashindano makubwa, ambayo mafuta yake yametandazwa karibu sawasawa toka upande hadi upande, haikusamehi. Mtu mwenye 195 ya leni laini anaweza kujikuta anahangaika kufika 170 kwenye ngumu. Mgeni akija na wastani kutoka Doha, Dubai au Houston, muulize ni wa ligi ya kawaida au wa leni ngumu. Wa leni ngumu ukiuchukua ulivyo, umempa zawadi.

Angalia pia mashine za kusimamishia pini. Zipo zinazoziachia pini zikaanguka huru, na zipo ambazo kila pini imefungwa kamba kichwani. Pini za kamba haziruki na kugongana kama pini huru, na alama huwa chini. USBC iliutambua mchezo wa pini za kamba mwaka 2023 kama tawi linalojitegemea. Kama wastani ni wa ukumbi wa kamba na shindano ni la pini huru, au kinyume chake, utafute upya. Alama zilizopatikana huku vizuizi vya mtaro vimeinuliwa kwa ajili ya watoto hazihesabiki kabisa, hata kama mwenyewe anaapa kwamba mpira wake haukuvigusa.

Swali la tatu: mtu ana wastani zaidi ya mmoja, tuchukue upi? Ulio juu zaidi. USBC wana kanuni ninayoipenda: mtu akiingia shindanoni na wastani wa msimu uliopita, lakini wastani wake wa sasa kwa michezo 21 au zaidi umeshaupita ule wa zamani kwa pini 10 au zaidi, basi atumie wa sasa. Wanataka pia mchezaji ataje zawadi za dola 300 au zaidi alizopata ndani ya miezi 12 iliyopita, ili mwandaaji ajue anampokea nani. Sisi zawadi zetu hazifiki huko, kwa hiyo nimeandika tu: taja shindano lolote ulilomaliza kwenye nafasi tatu za juu ndani ya mwaka mmoja, na alama zako. Kutotaja ni kosa la kuondolewa. Kutaja si kosa.

Aliyebadili mkono, au aliyehama kutoka mkono mmoja kwenda mtindo wa mikono miwili, anatengeneza wastani mpya. Kifungu hiki kina historia yake, umeshaisoma.

Na asiye na rekodi yoyote? Kumpa mtu kama huyo handikapu kubwa ni kununua mbuzi kwenye gunia. Lakini kumfungia nje ni kuua mchezo, maana kila mchezaji aliwahi kuwa mgeni. Njia yangu: mwenye michezo 3 hadi 8 iliyoshuhudiwa, namhesabia kwa yote aliyonayo, kisha naongeza pini 15 juu ya wastani wake kwa tahadhari. Asiye na hata mitatu anacheza alama kavu, akiwania zawadi ya alama kavu tu. Wengi hukubali wakielezwa mapema. Wakielezwa mezani wakiwa wameshalipa, hawakubali.

Hatua ya pili: kiwango cha msingi

Hapa hakuna falsafa. Msingi uwe juu ya wastani wa mchezaji bora uliyenaye, basi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni msingi wa 200 kwenye shindano lenye mtu wa 225. Huyo hapewi kitu, na pini 25 alizozidi zinabaki zake peke yake. Mwenye 160 anapewa 36, anafika 196. Wanapishana pini 29 kila mchezo kabla mtu hajavaa viatu. Ukiweka msingi wa 230, mwenye 225 anapata 4 na mwenye 160 anapata 63. Sasa ni 229 kwa 223, na hapo wanaweza kucheza.

Wengine hulalamika kwamba msingi mkubwa unawapa wadhaifu pini nyingi mno. Hapana. Watu wote wakiwa chini ya msingi, kuupandisha hakubadilishi chochote. Kwa msingi wa 220 na asilimia 90, mwenye 190 anapata 27 na mwenye 150 anapata 63. Kwa 230 wanapata 36 na 72. Tofauti ni ile ile 36. Mzee mmoja wa kikundi chetu alinipinga kwa hili mwezi mzima, mpaka tulipokaa na karatasi na kalamu.

Hatua ya tatu: asilimia

Asilimia ndiyo inayoamua mchezaji mzuri abaki na faida kiasi gani. Tuwachukue tena mwenye 190 na mwenye 150, wanaopishana pini 40. Kwa asilimia 100 tofauti yote inafutwa. Kwa 90 mwenye 190 anabaki mbele kwa pini 4. Kwa 80 anabaki mbele kwa 8.

Mtu atauliza: kama lengo ni haki, kwa nini tusifute tofauti yote? Kwa sababu shindano la watu 30 si pambano la wawili. Kwa asilimia 100, anayeshinda ni yule aliyeuzidi wastani wake kwa pini nyingi kuliko wote. Mwanagenzi wa 115 bado anajifunza. Wastani wake ni habari za mwezi uliopita. Akigundua leo kwamba anapaswa kuangalia mishale iliyochorwa kwenye leni badala ya kukodolea pini, atapanda pini 40 mchana huu huu. Mwenye 205 hawezi kugundua kitu kama hicho. Alikigundua miaka minane iliyopita. Juu yake pia kuna dari: 300 ni mwisho. Weka wanagenzi kumi na watano pamoja, na karibu kila mara mmoja wao atakuwa na siku yake. Asilimia 100 itampa kombe kila mwezi mtu tofauti asiyerudi tena, na wale wanaofanya mazoezi kila wiki wataanza kukosa kuja.

Ninavyofanya ni hivi. Kama washiriki wote wako ndani ya pini 50, asilimia 90. Kama kundi moja lina mtu wa 110 na mtu wa 200, asilimia 80, ambayo humwachia mwenye 200 faida ya pini 18. Kama ni mchezo mmoja tu wa kufurahisha ofisi mwisho wa mwaka, weka 100 uende ukale. Zaidi ya hapo nimechoka kubishana.

Weka pia kikomo cha handikapu yenyewe. Kwangu ni pini 80 kwa mchezo. Anayestahili zaidi ya hapo anahitaji mwalimu. Kuna waandaaji wanaokataza pia jumla ya mchezo, pamoja na nyongeza, isipite 300. Sikipendi kifungu hicho. Kinamwadhibu mtu kwa kucheza mchezo bora wa maisha yake, na humgusa mkweli zaidi ya mjanja, kwani mjanja hujua kuishia 270.

Ukitumia kompyuta, na wastani uko safu ya B, andika =INT(9*(220-B2)/10). Kisha kagua watu watatu kwa mkono. Mara zote watatu.

Vikomo vya wastani na makundi

Handikapu peke yake ikilazimishwa kubeba watu wa 100 hadi 220 huelemewa. Dawa yake ni makundi. USBC Open Championships, shindano lao kubwa la kila mwaka, halina handikapu kabisa, watu hucheza alama kavu. Badala yake, tangu 2017 wamegawanya washiriki kwa wastani katika madaraja matatu: 180 kushuka chini, 181 hadi 209, na 210 kupanda juu. Kila mmoja hupambana na wenzake.

Kwa kikundi kidogo, tatizo ni kwamba kikomo kilichotangazwa huwa sumaku. Sema Kundi B ni 169 kushuka chini, na utashangaa watu wangapi wana 168. Nilifanya hivyo mara mbili, nikaacha. Sasa natangaza hivi: wastani zote zitapangwa kutoka juu kwenda chini baada ya usajili kufungwa, theluthi ya juu ni Kundi A, na kadhalika. Hakuna namba ya kuilenga. Kisha narekebisha kidogo kufuata mapengo: kama theluthi inaangukia kati ya 171 na 172, na chini yake kidogo kuna pengo la 166 hadi 158, nahamisha mpaka hapo kwenye pengo. Mtu wa 158 na wa 166 wanaona wenyewe kwa nini wametenganishwa. Wa 171 na 172 hawataona, watanipigia simu.

Ndani ya makundi kama hayo tumia handikapu ya asilimia 90, au usitumie kabisa. Kundi likiwa na upana wa pini 15, alama kavu zinatosha na kila mtu anazielewa.

Toa zawadi ya alama kavu kwa wote hata kama ni ndogo kuliko zile za handikapu. Mchezaji bora wa siku anastahili kutajwa bila kubebeshwa hesabu ya mtu.

Timu

Kikomo cha jumla kwa timu kinaonekana cha haki mpaka ukikijaribu. Sema timu ya wanne isizidi jumla ya 640. Timu moja ni watu wanne wa 160. Nyingine ni mwamba wa 210 na vijana watatu wa 143, jumla 639. Kikaratasi, ziko sawa. Leni, wale vijana watatu wanapanda kila wiki na mwamba anawafundisha kati ya fremu. Ukitaka kubaki na kikomo cha jumla, ongeza kwamba mtu wa juu na wa chini ndani ya timu wasipishane zaidi ya pini 45. Mimi nimeacha vyote viwili, napiga kura: orodha inagawanywa sehemu nne kwa wastani, kila timu inaokota jina moja kutoka kila sehemu. Marafiki waliotaka kucheza pamoja hununa nusu saa. Baadaye wanasahau.

Andika mapema kama handikapu ya timu ni jumla ya handikapu za watu au hesabu moja ya timu nzima, kwa sababu desimali zinazokatwa huzaa majibu tofauti. Wanne wa 155, 161, 166 na 172, kwa msingi wa 220 na asilimia 90, wakihesabiwa mmoja mmoja wanapata 58, 53, 48 na 43, jumla 202. Ukihesabu timu, 880 kutoa 654 ni 226, na asilimia 90 yake ni 203. Pini moja. Nimeona kombe likienda kwa pini moja.

Wanawake, watoto na wageni

Kwenye mashindano ya kimataifa ambako wanaume na wanawake hucheza pamoja kwa alama kavu, wanawake wamekuwa wakipewa pini 8 kwa mchezo. Usizilete pini hizo kwenye shindano lenye handikapu ya wastani. Wastani wa mwanamke tayari umesema anachokipata, na kumwongezea tena ni kuhesabu mara mbili. Wala usidhani kila mwanamke anazihitaji: tarehe 24 Januari 2010 huko Las Vegas, Kelly Kulick alichukua Tournament of Champions ya wanaume kwa kumpiga Chris Barnes 265 kwa 195, bila pini hata moja ya nyongeza. Watoto wawekwe kundi lao.

Kifungu cha kupanga upya

Hata ukifanya yote haya, mtu mmoja atateleza ndani. Kinga ya mwisho ni haki ya mwandaaji kubadili wastani wa mtu, iliyoandikwa kabla ya mpira wa kwanza. Muundo wangu ni michezo 6 ya mchujo, kisha fainali ya michezo 3. Mtu ambaye wastani wake wa mchujo umeuzidi ule aliotangaza kwa pini 20 au zaidi kwa mchezo anaingia fainali na wastani huo mpya. Kwa nini 20? Kwa michezo 6, kuyumba kwa bahati tu ni kama pini 10. Na kwa kuwa wastani tulioutumia ni wa sita bora, tayari uko juu. Anayeuzidi kwa 20 ama amepata maendeleo makubwa ghafla, ama alikuwa ameficha makucha, na mwandaaji hana haja ya kujua ni lipi kati ya hayo. Hapo ndipo uzuri wa kifungu chenyewe. Humwiti mtu mwizi mbele ya mkewe. Unabadilisha namba tu.

Alama za mchujo zenyewe usiziguse. Kubadili handikapu ya michezo iliyokwisha chezwa ni kuomba vita. Na usikubali kuongeza handikapu ya mtu kwa sababu anacheza vibaya leo, hata akinung'unika kiasi gani.

Maandishi ya kunakili

Haya ndiyo ninayotuma kwenye kundi la WhatsApp wiki tatu kabla. Badilisha namba zifae watu wako.

1. Wastani utahesabiwa kwa michezo 6 bora kati ya 9 iliyoshuhudiwa, siku tatu au zaidi, ndani ya miezi 6. Desimali hukatwa.
2. Mwenye wastani zaidi ya mmoja atatumia ulio juu. Aliyebadili mkono au mtindo wa kurusha ataanza wastani mpya.
3. Mwenye michezo 3 hadi 8, wastani wake utapandishwa kwa pini 15. Chini ya hapo ni alama kavu.
4. Handikapu ni asilimia 90 ya 230 kutoa wastani, isizidi pini 80.
5. Makundi yatagawanywa baada ya usajili kufungwa, kufuata orodha ya wastani.
6. Atakayezidi wastani wake kwa pini 20 au zaidi kwenye mchujo ataingia fainali na wastani mpya.
7. Taja mashindano uliyomaliza kwenye tatu bora ndani ya mwaka mmoja uliopita. Ukificha, unaondolewa na ada hairudi.
8. Sare itaamuliwa kwa fremu ya 9 na ya 10 kurudiwa, bila handikapu.
9. Malalamiko ya handikapu yaletwe kabla ya mchezo wa pili kuanza.

Hiyo namba 8 huulizwa sana. Fremu mbili ni fupi mno kugawiwa handikapu, nusu pini zitakutoa jasho. Kwa kuwa watu wamefikia sare baada ya kuongezewa, wengine huona aliye na handikapu ndogo apewe ushindi moja kwa moja. Ni sawa pia, na ni haraka kama ukumbi unataka leni zake saa mbili usiku. Chagua moja, iandike.

Orodha ya wastani ibandike ukutani asubuhi ya shindano, majina yote na namba zote, mahali ambapo kila mtu lazima apite akienda kuchukua viatu. Yule bwana wa mkono wa kushoto bado huja. Kwenye orodha ya mwezi uliopita alikuwa wa tatu kutoka juu, 187, na jirani yake wa leni alipitisha kidole kwenye namba hiyo taratibu, akamtazama, wakacheka wote wawili.